Uso Uliopotea Dunga: Jinsi Kamera Inavyopima Mwanga

Jumamosi ya tatu ya kozi, mwalimu wetu wa upigaji picha alifunga darasa, akatupakia kwenye matatu, tukateremka hadi ufuo wa Dunga kwenye Ziwa Victoria, kilomita chache kutoka katikati mwa mji wa Kisumu. Kazi ilikuwa moja: kila mtu arudi na uso wa mtu mmoja. "Uso," alisisitiza, "si ziwa." Ilikuwa yapata saa tano asubuhi na jua lilikwisha kushika kazi yake.

Mimi nilimfuata mama mmoja aliyekuwa akikaanga mbuta chini ya turubai, ziwa likimeremeta nyuma yake. Nilimsalimu, nikamwomba nimpige picha.

"Ya gazeti?"

"Hapana, mama. Ya darasa."

"Haya, fanya haraka, mafuta yameshika moto."

Nilipiga tatu, nikamgeuzia kioo cha kamera aone. Akainama, akakunja uso. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Umeniunguza kuliko samaki wangu!"

Na kweli. Ziwa lilikuwa limetoka vizuri ajabu, mashua mbili zinaonekana hadi kamba zake, mawingu yana umbo. Katikati ya uzuri huo kulikuwa na kivuli kilichofungwa leso. Nilidhani kamera ya kuazima imenichezea, lakini tulipokusanyika chini ya mti kulinganisha kazi, karibu kila mtu alikuwa amerudi na mzimu wake. (Neno lenyewe lilituchekesha baadaye. Darasani, picha "iliyoungua" ni ile iliyozidiwa na mwanga hadi ikawa nyeupe. Kwa muuza samaki, kuungua ni kuwa mweusi, na yeye ndiye anayejua maana ya kuungua.)

Madarasa mengi huanza na ile pembetatu maarufu: tundu la lenzi, kasi ya shata (pazia linalofunguka na kujifunga ili mwanga uingie) na ISO, ambayo nitaifikia. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mkiani. Mtu anaweza kukariri pembetatu yote na bado asijue kwa nini uso wa yule mama ulipotea, kwa sababu aliyeupoteza ni mita.

Ndani ya kila kamera ya dijitali mna mita ya mwanga. Mita haijui mtu wala samaki. Inachofanya ni kupima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu vyote vilivyomo katika fremu, kutafuta wastani wake, kisha kuchagua mipangilio itakayoufanya wastani huo uwe kijivu cha kati, rangi ya lami iliyozeeka. Hiyo ndiyo imani yake yote kuhusu dunia: kwamba ukikoroga kila kilicho mbele yako, utapata kijivu. Mara nyingi imani hiyo haina hasara. Piga soko la Kibuye, mjini Kisumu, siku ya soko, watu, nguo, mboga na vumbi vimechanganyika, na picha itatoka sawa bila wewe kugusa kitu. Taabu huanza pale fremu inapojaa kitu cheupe au kitu cheusi. Mpige bibi harusi mwenye gauni jeupe mbele ya ukuta mweupe, gauni litatoka la kijivu kana kwamba limefuliwa kwa maji ya mtaro. Lipige rundo la makaa, nalo litatoka la kijivu.

Sasa rudi Dunga. Theluthi mbili za fremu yangu zilikuwa ziwa na anga, vyote vinang'aa. Mita ikasema: hapa mwanga umezidi, nipunguze. Ikapunguza mpaka ziwa likawa la kupendeza. Mama, ambaye hakuwa juani bali chini ya turubai, alipunguziwa vilevile, ingawa yeye hakuwa na cha kupunguziwa.

Tunaweza kukadiria kiasi kilichokosekana. Wapigapicha huhesabu mwanga kwa stopu, na kila stopu moja ni kuzidisha mara mbili au kugawa kwa mbili. Kati ya jua kali la mchana na kivuli cha wazi, yaani kivuli ambacho bado kinaona anga, pana tofauti ya stopu tatu hivi. Mbili mara mbili mara mbili: uso wa mama ulikuwa ukipata thuluthi ya thuluthi... hapana, sehemu moja tu ya nane ya mwanga uliolipiga ziwa. Nimeacha kosa hilo hapo makusudi, maana ndilo nililolifanya mbele ya darasa, na kila mtu hulifanya. Stopu ni kugawa kwa mbili, siku zote mbili. Ongeza kwamba ngozi nyeusi hurudisha mwanga mdogo kuliko hicho kijivu ambacho mita inakiamini, na utaona kwamba uso ule haukuwa na pa kujificha isipokuwa gizani.

Kuna historia inayotajwa hapa, na ni ya kweli. Enzi za filamu, maabara za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi. Sisi wengine tulitoka tulivyotoka. Lakini tusiitupie Shirley lawama zote za Dunga. Mzungu mwenye nywele za dhahabu akisimama chini ya turubai lile naye angetoka giza, ila si giza totoro kama letu. Mita haibagui, ni jinga tu. Kamera mpya zimepunguziwa ujinga huo kwa sababu hutafuta uso kwanza kabla ya kupima. Yangu ya kuazima haikuwa na habari hiyo.

Dawa ya haraka ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, kile ambacho wengi hukibonyeza kwa bahati mbaya kisha wakashangaa picha zao za siku nzima. Kazi yake ni kuiambia mita: nimesikia hesabu yako, sasa ongeza. Mtu akiwa na mwanga mkali nyuma yake, jumlisha stopu moja na nusu au mbili. Kwa gauni jeupe, jumlisha moja. Kwa makaa, toa moja. Watu huchanganyikiwa hapo: iweje kitu cheupe kiongezewe mwanga? Kwa sababu mita imekwisha kukifanya kijivu, nawe unakirudishia weupe wake. Kwenye simu kitufe hicho kipo pia. Gusa uso kwenye kioo, na simu nyingi zitakuonyesha kijua kidogo pembeni. Kipandishe kwa kidole. Nimewaona watu wenye simu za bei kubwa ambao hawajawahi kukigusa kile kijua.

Baada ya hapo ndipo pembetatu inapata maana, kwa sababu ukishaiambia kamera "ongeza mwanga", swali ni iutoe wapi.

Inaweza kupanua tundu la lenzi, ambalo wengine huliita apacha. Tundu hupimwa kwa namba zinazowasumbua wanafunzi wote duniani: f/4 ni tundu kubwa, f/16 ni tundu dogo. Usisome namba hiyo kama ukubwa, isome kama sehemu. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/2 ina tundu la nusu ya 50, yaani milimita 25. Kwenye f/16 tundu ni sehemu moja ya kumi na sita, milimita tatu na kidogo. Ukiketi mezani ukaulizwa unataka robo ya ugali au sehemu moja ya kumi na sita, hutasema kumi na sita eti kwa sababu namba ni kubwa. Nazo zinavyopandana, 4, 5.6, 8, 11, 16, kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu, ingawa namba hazionekani kama zinazidishwa kwa mbili. Ni kwa sababu mwanga hupita kwenye eneo la duara, si kwenye kipenyo chake.

Inaweza pia kuiacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi. Hii haihitaji maelezo mengi: 1/125 ya sekunde huingiza mwanga mara mbili ya 1/250.

Au inaweza kupandisha ISO. Hapa ndipo ule mfano unaopendwa wa bomba na ndoo unapovunjika. Tundu ni upana wa bomba, sawa, na shata ni muda wa kulifungulia, sawa, lakini ISO haiongezi hata tone la maji. Mwanga ulioingia ni uleule. ISO hukuza ishara ya umeme baada ya mwanga kukipiga kihisi, kile kipande kinachokaa nyuma ya lenzi mahali filamu ilipokuwa. Mfano unaonisaidia mimi ni redio iliyo mbali na kituo. Ukiongeza sauti utamsikia mtangazaji, na mikwaruzo nayo utaisikia. Kwenye picha mikwaruzo hiyo ni zile chenga unazoziona kwenye sehemu za giza, hasa kwenye simu, ambazo vihisi vyake ni vidogo kuliko ukucha.

Hizi tatu hubadilishana kama noti. Elfu moja ni elfu moja, iwe mia tano mbili au mia mbili tano; kinachobadilika ni kazi unayoweza kuifanya nazo. Mchana wa jua kali pana kanuni ya zamani isiyohitaji hata mita: weka f/16, na shata iwe sekunde moja kugawa kwa namba ya ISO. Kwa ISO 100 ni karibu 1/125. Jaribu Dunga mchana, jaribu Nakuru, jaribu popote penye jua lisilo na wingu, itakubali. Ukibadilisha ile f/16 kuwa f/8, umefungua stopu mbili, basi shata nayo ikimbie mara nne, 1/500. Mwanga ni uleule. Hiyo f/8 kwa 1/500 ndiyo kamera yangu iliyoliwekea ziwa. Uso wa mama, stopu tatu chini, ulihitaji f/5.6 kwa 1/125.

Nikaviweka kwa mkono, nikapiga. Uso ukarudi! Mashavu, jasho juu ya mdomo, kovu dogo karibu na nyusi ambalo hata kwa macho sikuwa nimeliona. Ziwa nyuma yake likawa jeupe tupu kama karatasi, mashua zote mbili zimemezwa. Na mkono wake wa kulia, uliokuwa ukigeuza samaki, ukawa ukungu.

Ukungu wa aina hiyo huwapoteza wengi. Kuna ukungu wa mkono wako wewe mpigapicha na kuna ukungu wa unayempiga, na dawa zake ni mbalimbali. Ukitikisika wewe, kila kitu kwenye picha kimetikisika, na lenzi yenye kituliza mtikisiko itakusaidia. Akitikisika yeye, ukuta ni imara na mkono tu ndio ukungu, na kituliza mtikisiko hakina la kufanya. Unahitaji shata ya kasi zaidi. Nilitaka 1/500. Lenzi yangu, ile ya 18 hadi 55 inayokuja na kamera nyingi za kuanzia, ukiivuta hadi 55 haifunguki kupita f/5.6, kwa hiyo kwenye tundu hapakuwa na akiba. Nikachukua kwa ISO, kutoka 100 hadi 400, stopu mbili, na chenga zikaja kidogo ambazo hakuna aliyeziona ila mimi. Samaki alipogeuzwa tena, matone ya mafuta yalisimama hewani juu ya karai kama shanga.

Lakini ziwa lilikuwa bado jeupe. Niliiendea kamera tena, nikazungusha hiki, nikazungusha kile, mwalimu akiniangalia mikono nyuma. Ziwa likirudi, uso unakwenda. Uso ukirudi, ziwa linakwenda. Mwishowe akaniambia neno ambalo kwangu ndilo kozi nzima: "Hakuna namba ya kukutoa hapo. Tumia miguu."

Maana tofauti ilikuwa kubwa kuliko kinachoweza kusawazishwa kwa kitufe kimoja. Mipangilio huamua kiasi cha mwanga kwa fremu nzima, mama na ziwa kwa pamoja. Kinachoamua nani yuko kwenye fremu na nani, ni mahali uliposimama. Watu hufundishwa mpangilio wa picha kama somo la pili, la urembo, baada ya lile la namba. Pale ufuoni niliona ni somo moja.

Mama hakuweza kuhama, karai liko jikoni. Nikahama mimi. Hatua sita kuelekea kushoto, na nyuma yake hapakuwa tena na ziwa, palikuwa na ubavu wa mashua iliyovutwa nchi kavu, buluu ya kuiva, nayo imo kivulini kama yeye. Kwa mara ya kwanza uso na usuli, yaani kilicho nyuma yake, vilikuwa vikipata mwanga unaokaribiana. Ile vita ya ziwa ikaisha bila kitufe.

Nikairudishia mita kazi ya kuchagua, nayo ikaanza kichekesho kingine, nacho nilikuwa nimekwisha kukitarajia. Fremu sasa imejaa ubavu wa mashua uliokoza, nayo ikasema hapa ni giza, niongeze. Leso ya njano kichwani mwa mama ikaungua, kwa maana ya darasa. Nikatoa stopu moja kasoro, rangi ikarudi. Leso iliyoungua haiponi hata kwenye kompyuta, maana mahali palipojaa nyeupe tupu hapakuhifadhiwa kitu cha kurudisha. Giza huweza kuinuliwa kidogo, hasa ukipiga faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata, badala ya JPEG. Kwa hiyo ukiwa na shaka, afadhali kupungukiwa kidogo kuliko kuzidiwa.

Macho yake yalikuwa bado yamezama. Jua la kwetu husimama utosini, Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na kwa kuwa saa zetu zimepimwa kwa mstari ulio mashariki zaidi, jua hufika juu kabisa yapata saa saba kasorobo, si saa sita. Muda mrefu kabla na baada yake, macho huwa mashimo mawili. Mwenzangu mmoja alichukua kifuniko cheupe cha kisanduku cha barafu, akachuchumaa ukingoni mwa turubai pale jua lilipoishia, akakiinamisha hadi mwanga ukaruka juu usoni. Macho yakafunguka kama dirisha. "Kifuniko changu kirudi," mama akasema bila kugeuka, "barafu inayeyuka."

Ushauri wa kawaida ni kusubiri jua la jioni, ile inayoitwa saa ya dhahabu. Usubiri, lakini ujue haiwi saa nzima hapa. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua huzama kwa mshazari, likijikokota. Kwetu linashuka wima. Kutoka jua lilipo nyuzi sita juu ya upeo mpaka kuzama ni dakika kama ishirini na nne hivi, mwaka mzima, na Kisumu kuzama huko hutokea kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro dakika chache. Ukifika ufuoni saa kumi na mbili na nusu ukaanza kutafuta betri, utapiga picha za giza.

Kuhusu kanuni ya theluthi, ambayo kila mwanafunzi huisikia siku ya kwanza, sina mengi. Gawa fremu mara tatu kwa wima na kwa mlalo, weka jambo lako kwenye mistari. Jina hilo lilitumiwa na mchoraji Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797, akizungumzia picha za kuchora, miongo minne kabla upigaji picha haujatangazwa kwa umma. Ni mkongojo mzuri. Mimi huutumia kuwaepusha watu na tabia ya kuweka kichwa katikati kabisa, nusu ya juu ya picha ikabaki mabati matupu. Kingo za fremu ndizo zinazonishughulisha zaidi: mkono uliokatwa kwenye kiganja, mlingoti unaoota kichwani, mguu wa mpita njia. Kabla ya kubonyeza, zungusha jicho pembeni mwa fremu mara moja, kama mtu anayefunga nyumba usiku.

Na wale wanaotaka usuli uwe laini kama wa picha za harusi: lenzi ya bei si sharti. Vuta hadi 55, fungua tundu lote, msogelee mtu wako, kisha umtenge na kilicho nyuma yake. Umbali hufanya kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mama na ile mashua nyuma yake walitenganishwa na mita nne hivi, na hata f/5.6 iliilainisha ile buluu. Simu yenyewe huigiza ulaini huo kwa hesabu, na ndiyo maana mara nyingine hereni hupotea pamoja na usuli.

Jambo moja lilinishinda siku ile. Turubai lilikuwa la buluu, na buluu yake ilikuwa ikimwagika kwenye paji la uso wa mama huku mwanga wa kifuniko ukimpiga kidevuni ukiwa mweupe. Kusawazisha weupe kwenye menyu, yaani kuiambia kamera nyeupe ni ipi, hurekebisha rangi moja kwa fremu nzima. Rangi mbili kwenye uso mmoja hakuziwezi. Nikirekebisha paji, kidevu kinakuwa cha machungwa. Nilimwacha na ubuluu kidogo.

Nikamwonyesha. Alifuta mikono kwenye aproni kwanza, akaishika kamera mwenyewe, akaikaribisha machoni, akanyamaza kiasi cha kunitia wasiwasi. Kisha akamwita jirani yake wa omena aje aone.

"Hii nitumie kwa WhatsApp," akasema. "Ile ya kwanza ifute, nikiona."